Stempu Ambazo Hazikufika Dirishani

Ukiiweka chini ya lenzi, unachokiona kwanza si mfalme bali wino. Herufi mbili nyeusi, N na F, kila moja na nukta yake, zimegongwa juu ya stempu nyekundu ya peni moja ya Nyasaland. Wino umelala juu ya rangi ya chini bila kuchanganyika nayo, na ukiigeuzageuza karatasi kwenye mwanga, herufi zinang'aa peke yake, zimetuna kidogo. Chini yake Mfalme George wa Tano ametazama pembeni na ndevu zake, hana habari kwamba amevushwa mpaka. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya herufi zile: kuivusha stempu Mto Songwe. Kusini ya Songwe ilikuwa stempu ya Nyasaland, basi. Kaskazini yake ikawa stempu ya jeshi, na herufi zenyewe ni kifupi cha jina la jeshi hilo kwa Kiingereza. Lilikuwa jeshi la Jenerali Edward Northey, lililopanda kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mwishoni mwa Mei 1916 na kuuchukua mji wa Neu Langenburg. Mji huo leo tunauita Tukuyu.

Stempu za N.F. zilianza kutumika Agosti 1916, za thamani tano: nusu peni, peni moja, peni tatu, peni nne na shilingi moja. Hakuna hata moja iliyoandikwa Tukuyu. Hakuna iliyoandikwa Rungwe, wala Neu Langenburg. Hakuna mgomba, hakuna mlima, hakuna mvua, na ukiitaja Tukuyu bila mvua umetaja mji mwingine. Hapa hushuka zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wake huingia makabatini ukagandisha gundi za bahasha kabla hazijaandikiwa. Hata hivyo, ukiniuliza stempu ya Tukuyu ni ipi, nitakuonyesha hii hii isiyoitaja. Imebeba kitu ambacho picha ya mlima isingeweza kukibeba: haraka ya mtu aliyeingia nyumba si yake na kukimbilia kwanza kuandika jina lake mlangoni.

Haraka hiyo haikuanza na Mwingereza. Kabla yake alikuwapo Mjerumani, naye alikuja na jina mkononi. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kituo kilichoanzishwa na msafara wa Hermann von Wissmann mapema miaka ya 1890, kikapewa jina la heshima la mwana wa mfalme wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa mkubwa katika chama cha wapenda makoloni huko Ujerumani. Joto na homa za ufukweni ziliwachosha, wakaitazama milima. Huko juu Wamoravian walikwisha kutua tangu 1891, wakajenga chini ya Mlima Rungwe, kwenye baridi na migomba. Serikali nayo ikapanda, jina likapandishwa pamoja na mizigo, likaongezewa tu kwamba ni jipya. Boma likajengwa Tukuyu. Na posta ikafunguliwa, kwa sababu serikali bila posta ni wapiga kambi.

Fikiria basi barua iliyotoka Neu Langenburg mwaka 1905 au 1910. Kwenye pembe yake ya juu kulia imebandikwa picha ya meli. Ni meli ya fahari ya Kaiser, Hohenzollern, inakata mawimbi, na pamoja nayo limeandikwa jina la koloni. Wajerumani walikuwa na picha hiyo moja kwa makoloni yao yote. Kamerun, Samoa, Afrika Mashariki, mahali pote meli ni ile ile, kinachobadilika ni jina na hesabu ya fedha. Kwa mtu wa Bagamoyo au Tanga meli si kitu cha ajabu. Lakini tarishi aliyeibeba barua hiyo, mfuko begani, akiteremka na kupanda kati ya mito ya Rungwe ambayo kila mmoja una daraja la magogo yanayoteleza, alikuwa amebeba bahari ambayo huenda hajaiona. Usiku akilala kijijini na mfuko chini ya kichwa, meli ya Kaiser ilitia nanga kwenye majani makavu ya migomba. Sidhani kama kuna mtu Berlin aliyeliwaza hilo, na hakukuwa na haja aliwaze. Stempu haitengenezwi kwa ajili ya anayeibeba.

Halafu ikaja vita, na meli zenyewe zikakosekana. Manowari za Kiingereza zilifunga pwani nzima ya koloni. Karibu hakuna kilichoingia: dawa, nguo, risasi, wala stempu. Tunazoea kufikiri vita kwa hesabu ya bunduki, tunasahau kwamba dola iliyozingirwa hupungukiwa pia na vitu vidogo vya ajabu. Sarafu zilipokwisha, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha fedha; wakafua sarafu za heller kwa shaba, na mwaka 1916 wakafua hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Noti zilichapwa humu humu nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Na stempu zilipoanza kuadimika, serikali ikatazama milima ya Usambara, kwenye misheni ya Wuga, ambayo leo tunaiandika Vuga. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa na mtambo wa uchapaji pale.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mtambo ulioletwa kuchapa nyimbo za kanisa na mafundisho ya dini, mwanzoni mwa 1916 ukapewa kazi ya kuchapa mamlaka. Zilipangwa stempu za thamani tatu: heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Meli ya Kaiser haikuwamo. Haingewezekana; kazi ile ya mchongo mwembamba ilihitaji viwanda vya Berlin, na Wuga palikuwa na visanduku vya herufi za risasi na mikono ya kuzipanga. Ninajiuliza mpanga herufi alikuwa nani. Kwa vyovyote katika chumba kile walikuwamo vijana wa Kisambaa waliofundishwa kazi, maana mitambo ya misheni ilikwenda kwa mikono ya wenyeji. Kijana aliyezoea kupanga herufi za zaburi alizipanga siku hiyo kuandika jina la dola, akabana, akapaka wino, akavuta mkono wa mtambo. Dola nzima ya Kaiser katika Afrika Mashariki, yenye magavana na mabendera, ikamtegemea yeye ili barua iende. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na stempu zile hazikutolewa. Machi 1916 meli iitwayo Marie ilipenya katikati ya manowari ikaingia ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, imesheheni zana za vita. Na ndani ya shehena hiyo zilikuwamo stempu. Stempu za kweli, za Berlin, za meli ya Kaiser. Kazi ya Wuga ikawa haina kazi. Miezi michache baadaye Waingereza walikuwa wakisukuma kuelekea Reli ya Kati, na kabla Morogoro haijaanguka Agosti ya mwaka ule, Wajerumani wakachimba shimo, wakazifukia stempu zao ili adui asizikute. Zilikaa ardhini hadi 1921. Vita vilikwisha, mkataba wa Versailles ukatiwa saini, koloni likabadilishwa jina, Kaiser mwenyewe akawa mkimbizi Uholanzi, zile stempu bado zimo udongoni. Zilipofukuliwa, unyevu ukiwa umekwisha kupita humo, zilisafirishwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Watu wa migombani wanajua kuvundika: ndizi mbichi inafukiwa shimoni, inafunikwa majani, inafukuliwa imeiva. Stempu za Wuga zilivundikwa miaka mitano, na kilichoiva ni bei.

Ninaambiwa kwamba kwa wakusanyaji hicho ndicho kiini cha utamu: karatasi iliyoandaliwa kwa kazi na kazi isifanyike. Wana mifano yao mikubwa. Uingereza mwaka 1910 iliandaa stempu ya peni mbili yenye rangi ya zambarau iliyoiva, sura ya Mfalme Edward wa Saba. Mzigo ukawa tayari, mfalme akafa tarehe 6 Mei, zikateketezwa karibu zote, na zilizosalimika leo zinanong'onwa kama majina ya mawalii. Sawa. Mfalme akifa ni kudra, na stempu hiyo hainiambii kitu zaidi ya kwamba wafalme hufa. Ile ya Wuga inaniambia jambo jingine. Stempu iliyotolewa hueleza serikali ilitaka ionekaneje. Ile isiyotolewa hueleza ilikuwa inaogopa nini.

Chukua ile ya Wabelgiji. Mwaka ule ule wa 1916, wakati Northey yuko Tukuyu, Jenerali Tombeur alikuwa ameingia kutoka Kongo, akachukua Rwanda na Burundi na hatimaye Tabora mwezi Septemba. Stempu za Kongo zikagongwa mhuri: nyingine RUANDA, nyingine URUNDI. Maneno mawili, neno moja kwa kila nchi, safi kabisa. Hazikuingia katika matumizi ya kawaida ya posta. Badala yake zikaja stempu zenye maandishi marefu, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi, yasemayo kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya ukaliaji wa Wabelgiji. Mtu wa haraka atasema hiyo ni kazi ya makarani wapenda maneno. Mimi naona woga wa kidiplomasia. Kuandika RUANDA peke yake ni kusema nchi hii ina jina na aliyeshika mhuri ndiye mwenyewe; na mwaka 1916 hakuna aliyejua mezani pa amani nani atapewa nini. Afadhali uandike sentensi ndefu inayokiri kwamba nyumba ni ya mtu mwingine na wewe umo ndani kwa muda. Herufi za N.F. zilikuwa na hekima hiyo hiyo ya mwizi mwangalifu. Hazikudai nchi. Zilidai jeshi tu. Kule Mafia, ambako Waingereza waliteka kisiwa mapema 1915, hawakuwa na subira hiyo: stempu za Kijerumani walizozikuta ofisini wakazigonga juu jina la kisiwa na herufi za mfalme wao, Kaiser kabanwa chini ya George.

Lakini ninapofika hapa huwa nachoka na majenerali. Stempu hazikutembea zenyewe. Mifuko ya barua ya jeshi la Northey, pamoja na unga, mahema, risasi na chupa za maofisa, ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Tengatenga, ndivyo walivyoitwa kusini ya Songwe; upande wetu waliitwa wapagazi, na Waingereza wa Nairobi walikuwa na kikosi chao kizima cha namna hiyo ambacho kimeacha jina Kariakoo. Walikusanywa kwa machifu, kwa vijiji, mara nyingine kwa kamba. Walitoka Karonga na Rungwe, Ubena na Ukinga. Walipanda milima ya Livingstone kwenye baridi ambayo blanketi moja haliitoshi, wakateremka mabonde yenye homa, wakala unga uliovunda na mara nyingine wasile. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara na vichomi kuliko kwa risasi, na waliorudi wengi wao waliikuta homa ya mafua ya 1918 ikiwangoja nyumbani. Kwa hiyo ipo barua ya ofisa mmoja, imekaa leo katika albamu fulani Ulaya, na stempu yake ya peni moja ya N.F. imenunuliwa kwa fedha ambayo ingemlipa mpagazi yule miaka. Albamu inamtaja ofisa. Inataja ofisi ya posta ya jeshi, tarehe, aina ya mhuri, hata idadi ya meno pembeni mwa stempu. Aliyeibeba hatajwi. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na nyasi hazina posta.

Baadaye yakaja majina mengine juu ya barua za Tukuyu, moja baada ya jingine, mbio mbio. Stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A. zikachukua nafasi. Mwaka 1922 ukaja twiga wa Tanganyika, na kusema kweli yule twiga ni mzuri. Kwa mara ya kwanza kitu kilicho hai cha nchi hii kikapewa nafasi ya mfalme. Alidumu miaka mitano. Mwaka 1927 George akarudi, safari hii na maneno yakumbushayo kwamba nchi ni ya udhamini, si mali. Miaka ya 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikatiwa katika stempu moja, na hapo barua ya Tukuyu ikawa inasema mambo matatu kwa mdomo mmoja.

Na tusiwasingizie wakoloni peke yao. Tulipopata serikali zetu tulirithi na haraka yao. Januari 12, 1964, Mapinduzi ya Zanzibar. Januari 17, siku tano tu, stempu zilikuwa dirishani zimegongwa kwa mhuri wa mkono: JAMHURI 1964. Mhuri ule uligongwa juu ya sura gani? Katika mfululizo wa kawaida ilikuwa ya Sultani Abdulla, ambaye alikwisha kufa Julai 1963. Katika stempu za uhuru wa Desemba ilikuwa ya mwanawe Jamshid, ambaye alikuwa amekwisha kukimbia. Jamhuri ikagongwa mara mbili, mara moja juu ya maiti na mara ya pili juu ya mkimbizi. Makarani wa posta ya Unguja siku zile walifanya kazi ya mapinduzi kwa kidau cha wino, na mkono uliochoka ulipinda: ziko zilizogongwa upande, ziko zilizogongwa kichwa chini. Wakusanyaji wanazifukuzia hizo zilizokosewa. Ningewaelewa zaidi kama wangeuliza mkono ule ulikuwa ukitetemeka kwa uchovu au kwa furaha, au kwa hofu.

Miezi michache baadaye ikaja stempu ninayoiona kuwa ya kisiasa kuliko zote tulizowahi kubandika. Muungano ulikwisha kutiwa saini Aprili. Julai 1964 zikatolewa stempu nne kuuadhimisha, zimeandikwa kwa Kiingereza Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na ramani ya jamhuri mpya ikiwamo. Ziliuzwa Tanganyika. Zanzibar hazikuuzwa, wala huko zisingeisafirisha barua. Zanzibar iliendelea na stempu zake hadi mwisho wa 1967. Kwa hiyo mtu wa Tukuyu aliweza kulamba Muungano, akaubandika kwenye barua ya kwenda Mbeya au Songea. Mtu wa Mkunazini, Unguja, hakuweza. Ilitolewa upande mmoja, upande wa pili ikawa kana kwamba haijatolewa. Nani anasema stempu ambayo haikutolewa lazima iwe imefukiwa Morogoro? Wanasheria wameandika vitabu juu ya mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano; karatasi nne ndogo zilikwisha kulionyesha jambo hilo mwaka ule ule, kabla hata jina la Tanzania halijatamkwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na adabu zake. Nchi tatu zilikuwa na stempu za pamoja, na swali la nani atangulie lilikuwa swali la ukweli. Basi katika stempu mbalimbali majina yalizungushwa, hii imeanza na Kenya, ile na Uganda, nyingine na Tanzania, ili asinung'unike mtu. Adabu hiyo haikuwatosha wakubwa. Jumuiya ilivunjika 1977. Miaka miwili baadaye stempu za Uganda ya Amin ziligongwa kwamba Uganda imekombolewa 1979, na vijana waliotembea kwa miguu hadi Kampala walitoka huku, wengine wakitokea wilaya zenye ndizi na mvua kama hii. Mhuri, wino, karatasi ya mtu aliyeondoka. Ukoloni na ukombozi, kwenye dirisha la posta, vina mkono mmoja.

Nimesikia wakusanyaji wakisifu stempu kwa kusema haijaguswa: gundi yake nyuma nzima, haijapigwa mhuri, haijalambwa na ulimi wa mtu. Hapo ndipo bei inapopanda. Sina ugomvi na starehe za watu, na nakiri utamu wa kushika kitu ambacho historia ilikusudia kisha ikaghairi. Lakini sifa hiyo inanikwaza. Stempu isiyolambwa ni stempu ambayo hakuna mtu aliyekuwa na la kusema kupitia kwake. Haikumpasha mama habari, haikudai deni, haikuomba radhi. Nikipewa nichague kati ya Wuga safi na stempu ya senti kumi iliyochanika pembe, imepigwa mhuri wa Tukuyu hadi sura ya mfalme haionekani, nitaichukua ya pili, na nitaichukua na bahasha yake.

Kwa sababu barua za Rungwe zilikuwa nyingi, na zilikuwa za watu. Tangu miaka ya 1920 vijana wa Kinyakyusa walikwenda mbali kutafuta fedha ya kodi na ya mahari: machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hadi Johannesburg kwa mkataba wa Wenela, shirika la kuandika watu kazi za migodini, mpaka serikali ya uhuru ilipokata mikataba hiyo. Walioachwa nyuma ni wake, wazazi na migomba. Kilichowaunganisha ni bahasha. Inafika kutoka Kitwe au Ndola, juu yake mfalme wa Uingereza, chini ya mfalme twiga na tembo. Ndani yake mwandiko wa mtu aliyesoma misheni madarasa manne, unaanza kama barua zote za Kiswahili zilivyoanza, mimi huku sijambo, hofu ni kwenu. Anwani yake ni riwaya fupi: jina la baba, kwa mkono wa mchungaji fulani au mwalimu fulani au mwenye duka fulani, kijiji, Tukuyu, Tanganyika. Barua inapita mikono minne kabla haijafunguliwa, na wa tano ndiye anayeisoma kwa sauti kwa sababu mwenyewe hajui kusoma, wengine wamekaa barazani wanasikiliza, na msomaji mwenye busara anaruka mistari ya chumbani. Hatimaye mtu anasema ndaga, yaani asante, barua inakunjwa na kuingizwa sandukuni chini ya vitenge.

Masanduku hayo mengine yapo bado, Masoko, Katumba, Lufilyo, Mwakaleli, darini na chini ya vitanda vya mabibi. Ninachosikitika ni namna yanavyofunguliwa. Msiba ukiisha, wajukuu wanaoteremka na basi kutoka Dar es Salaam wanatoa vitenge, wanatoa picha, na makaratasi wanayawashia moto nyuma ya nyumba. Mwerevu kati yao amesikia kwamba stempu za zamani ni fedha, basi anachukua mkasi, anakata pembe zote za bahasha, anatia vipande kwenye kopo, anachoma kilichobaki. Alichokichoma ndicho chenye thamani. Kile kipande alichokiokoa, mfalme na twiga wake, kilichapwa kwa mamilioni na huko Ulaya kinauzwa kwa gunia.

Kwa hiyo, ewe uliyesoma hadi hapa na una sanduku la namna hiyo kwenu: usikate. Acha stempu juu ya bahasha, bahasha pamoja na barua yake, na mhuri wa posta hata kama umefifia, maana ndio unaosema siku na mji. Usiloweke kwenye maji, usibandike kwa gundi ya nailoni. Tia kwenye bahasha ya karatasi kavu, weka mbali na ukuta unaotoa unyevu, na kwa Tukuyu hiyo ni karibu kila ukuta. Andika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, nani alimwandikia nani, maana bibi bado anakumbuka na mwakani huenda asikumbuke. Ukiona huna pa kuziweka, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na makanisa yenu yana makabati. Na ukikuta humo stempu nyekundu ya Nyasaland yenye herufi mbili nyeusi, usikimbilie kuiuza. Kwanza angalia bahasha iliandikiwa nani.